Plastiki ya wodini na plastiki ya sokoni zitenganishwe kisheria

Kazi yangu ni usimamizi wa taka za hospitali, na tangu korona sijabadili msimamo: ugonjwa ukilipuka, plastiki ya wodini na ya sokoni zisiwekwe kwenye kifungu kimoja cha sheria ya marufuku ya plastiki.

Sirinji haioshwi ikatumiwa tena. Hilo halina mjadala. Kenya ililiona mapema: marufuku ya mifuko iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4, haikugusa mifuko ya taka za hospitali. Korona ilipoingia hapakuwa na haja ya kulegeza chochote. Hata marufuku ya plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga na fukwe zilizohifadhiwa ilianza Juni 5, 2020 kama ilivyopangwa.

Kwingine hofu ilishinda. California, ikihofia kwamba mifuko inayotumiwa tena ingebeba kirusi, ililegeza marufuku yake na kuruhusu maduka kutoa mifuko ya plastiki bila malipo kwa siku 60, na Uingereza ikasogeza marufuku ya mirija ya plastiki ya kunywea kutoka Aprili hadi Oktoba 2020. Ilhali utafiti wa maabara uliotajwa sana siku zile ulionyesha kirusi kikidumu kwenye plastiki hadi saa 72, na kwenye kadibodi hakikuonekana baada ya saa 24. Mfuko mpya wa plastiki haukuwa kinga.

Balaa lilikuwa mwisho wa safari. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kwamba vifaa kinga vya tani 87,000 hivi vilinunuliwa kupitia Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, na vingi vingeishia kuwa taka. Wakati huo vituo 6 kati ya 10 katika nchi maskini zaidi havikumudu hata taka zao za kawaida.

Tazama toroli la muuguzi. Mfuko wa njano ni wa taka zenye maambukizi, mweusi ni wa taka za kawaida, na kisanduku cha sindano hufungwa kikijaa robo tatu. Siku ya msongamano kila kitu hutupwa kwenye wa njano: chupa za maji, maboksi, mabaki ya ugali. Mzigo huvimba, kisha huchomwa kwenye tanuri lisilofikia joto la kutosha, na plastiki aina ya PVC ikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu inayowafikia majirani wa hospitali. Na glavu! Mchoma chanjo kwa kawaida hazihitaji, WHO yenyewe inasema hivyo, lakini zilivaliwa na kutupwa kwa kila mkono uliochanjwa.

Kwa hiyo msamaha wa dharura kwenye marufuku ya plastiki utaje vifaa kwa majina, uwe na tarehe ya kuisha, na usiguse mifuko ya dukani. Oda ya glavu au barakoa ije na fungu la kuziteketeza: mifuko ya rangi, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), mafuta ya tanuri, mishahara ya wanaobeba taka. Isiyo na fungu hilo isitiwe saini.