Kuchonga jiwe la babu aliyefia vitani ng'ambo

Kazi yangu ni kuchonga majina kwenye mawe hapa Moshi, na oda inayonifikirisha kuliko zote ni ya ukoo unaotaka jiwe la babu aliyeenda na keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, kwenye Vita ya Pili ya Dunia akafia huko huko. Mkono unazoea, hilo sio shida. Shida ni kwamba Uchagani mtu anazikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, watoto wanakua wanapita pembeni ya kaburi kila siku na Desemba wakipanda wote mlimani wanalisafisha, sasa huyu aliyefia Burma, Myanmar ya leo, hana kaburi migombani, mara nyingi hata tarehe aliyokufa nyumbani hawana, kwa hiyo jiwe ndo linabeba kila kitu na mimi nataka lisidanganye hata herufi moja.

Na hawakuwa wachache jamani. Watanganyika karibu 87,000 waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945. Walipelekwa Ethiopia, wakapelekwa Madagaska, halafu 1944 batalioni za kwetu, ya 26 na ya 36 za KAR, zikiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki zikashuka bonde la Kabaw kule Burma kwenye mvua za monsuni, matope, malaria, Wajapani wako mbele, mpaka mwanzoni mwa Desemba wakaichukua Kalewa. Wengine hata Burma hawakuiona. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ikitoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache. Ilikuwa na watu 1,511, wakafa 1,297, sehemu kubwa vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na manesi walikuwemo pia.

Sasa ukoo ukija, kabla sijagusa hela yao nawaambia katafuteni kwanza jina lilivyoandikwa jeshini. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola wameweka rekodi mtandaoni, kutafuta ni bure na unaweza kuchuja kwa vita, mwaka na kikosi. Waliokufa Burma wasiojulikana walipolala wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon Memorial, uko ndani ya makaburi ya Taukkyan nje kidogo ya Yangon, una majina karibu 27,000. Wengine wako karibu zaidi, kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita Nairobi, hapo mtu anatoka Moshi asubuhi na kabla ya jua kuzama ameshaligusa jina la babu yake.

Ila usitafute kwa jina peke yake. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, L ikawa R, jina la ubatizo likaachwa au la baba likakaa mbele, yaani babu mmoja anaweza kuwepo kwa namna ambayo nyumbani hawaitambui kabisa. Shika namba ya jeshi. Majina yanafanana ila namba ni ya mtu mmoja, na mara nyingi iko kwenye ile barua ya serikali iliyoleta taarifa ya msiba, ambayo bibi aliikunja akaiweka kwenye sanduku na vyeti vya ubatizo. Nikiipata, juu nachonga jina kama ukoo unavyolitamka, chini yake kwa herufi ndogo lile la jeshini na namba, ili mjukuu wa baadaye aweze kuunganisha. Na maneno "Hapa amelala" siandiki, hata mteja akisisitiza, kwa sababu hapo hajalala mtu. Naandika "Kwa kumbukumbu ya" halafu mahali alipofia.

Kuhusu jiwe lenyewe: lile jeusi la mlimani ni zuri na ni la kwetu, ila lina vitundu vitundu, ukichonga herufi ya sentimita mbili patasi inaingia kwenye tundu na kona ya herufi inaruka, hairudi tena. Kwa hiyo nalitumia kama kitako, juu napachika bamba la granaiti nililolichonga kwa mkato wa V, maana mkato wa V unashika kivuli na jina linasomeka hata rangi ikishatoka. Bamba la shaba sishauri, wa vyuma chakavu watalibeba. Na bamba lilazwe kwa mteremko, masika ya huku maji yakituama kuvu inaota ndani ya herufi.

Kama ni vita ya kwanza, hapo ni kazi nyingine kabisa. Mnara wa Askari pale Dar ni wa 1927 na umetaja wapagazi kwa jumla, majina hamna. Mwaka 2021 ile Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Inaniuma sana hii. Kwa hao nachonga kile wazee wanachokijua, jina, baba yake, kijiji, basi.

Na kijiji au usharika ukitaka jiwe moja la wote, pangeni kwa alfabeti, vyeo na ukoo mkubwa visitangulie, na niachieni theluthi ya chini tupu. Kila jiwe la pamoja nililochonga, likishazinduliwa tu anatokea mtu na jina jingine. Wa Machame, Marangu, Rombo, mkiwa na barua kama hizo zipigeni picha mbele na nyuma kabla mchwa hawajazila, namba wakati mwingine iko nyuma.