Usuluhishi wa lazima ni nini?

Hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, mtumbwi mmoja ukikata nyavu za mwenzake, kesi haikimbizwi polisi. Inaanzia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo: pande mbili zinaitwa, zinasikilizwa, nyavu zinalipwa. Ndiyo picha tunayoipata tukisikia neno "usuluhishi", na ni picha nzuri.

Usuluhishi wa lazima ulioandikwa kwenye masharti ya programu za simu ni kitu tofauti kabisa. Ni kipengele kinachosema kwamba siku yoyote ukigombana na kampuni, huendi mahakamani. Shauri litasikilizwa na msuluhishi binafsi, na uamuzi wake utawafunga. Wale wavuvi walikubali kusuluhishwa baada ya nyavu kukatika. Wewe umekubali kabla hujajua utadhulumiwa nini.

Neno lenyewe linachanganya. Waliowahi kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa mambo ya kazi wanajua kuna hatua mbili: kwanza mnapatanishwa, mkishindwana mtu anaamua. Kipengele hiki kinahusu ile hatua ya pili, ya kuamuliwa.

Mara nyingi kinaambatana na kingine, ambacho kwangu ndicho kibaya zaidi: kukatazwa kuungana na wenzako kufungua shauri moja. Nchini Marekani wanandoa waliahidiwa simu ya bure na kampuni ya simu, kisha wakatozwa kodi ya dola 30.22. Walitaka kudai pamoja na wateja wengine. Mwaka 2011, katika kesi ya AT&T Mobility, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kipengele kinachowazuia kinasimama. Sasa nani atahangaika peke yake kwa dola 30? Dagaa mmoja hapandi kwenye mizani. Anapimwa akiwa kwenye ndoo na wenzake.

Kanada waliona vingine. Mkataba wa Uber ulimtaka dereva wa Ontario apeleke madai yake kwenye usuluhishi Uholanzi, na kuanza tu kungemgharimu dola 14,500 za Marekani. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya huko ilikitupa kipengele hicho.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kabisa kudai haki yake mahakamani, lakini inauachia usuluhishi mlango wazi. Kwa hiyo usidhani kipengele hicho ni mapambo. Kwa malalamiko ya mitandao ya simu, anza na kampuni yenyewe. Usiporidhika, nenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wana ofisi hapa Mwanza.

Juzi nilimsaidia mama mmoja muuza dagaa kujiunga na programu ya kigeni ya biashara. Vidole vilikuwa vimejaa vumbi la dagaa, akataka kubonyeza "Nakubali" kwa kifundo cha kidole. Masharti yote Kiingereza. "Mwanangu, hapo wameandika nini?" Nikatafuta neno arbitration, yaani usuluhishi, nikalikuta karibu na mwisho, na chini yake sentensi moja: anayetaka kujitoa kwenye usuluhishi aandike ndani ya siku 30. Si kila mkataba una mlango huo. Huu ulikuwa nao. Alipojiunga tu, tukaandika barua pepe pale pale, yeye akinitajia jina lake herufi kwa herufi huku akishona gunia.