Ukisema unapinga GMO, tuambie ipi

Tangu sisi wa taasisi ya usalama wa bioteknolojia tufungue dirisha la maoni ya umma kuhusu GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, barua zinaingia kila siku, na tunawashukuru wote wanaoandika. Tatizo ni kwamba nyingi hazina jalada la kuingia. "Napinga GMO." Ipi? "Zipigwe marufuku mpaka ithibitike ni salama." Zipi, na kwa matumizi gani? Anayeunga mkono naye hana nafuu: "Sayansi imeshasema, leteni." Imesema kuhusu nini?

Niseme mapema kwamba taasisi haiko upande wa wanaotaka wala wa wasiotaka. Kazi yetu ni kupokea ombi, kulipima na kulitolea uamuzi. Na ombi halihusu GMO kwa jumla, linahusu tukio, neno ambalo kwetu lina maana finyu: jeni fulani iliyopachikwa mahali fulani kwenye vinasaba vya kiumbe fulani. Pachika jeni ileile kwenye mmea wa aina ileile kwa mara ya pili, ikaangukia sehemu nyingine ya kromosomu, umepata tukio jingine na jalada jingine. Halafu kuna matumizi. Kibali cha kuingiza nafaka ikasagwe si kibali cha kuipanda. Kuna waliowahi kuchanganya mambo ya namna hii, nitafika huko.

Mwezi uliopita mtu alituwekea tikiti maji juu ya meza ya mapokezi, limepasuliwa katikati, halina mbegu. Alitaka tukiri kwamba ni GMO. Tikiti la namna hiyo hupatikana kwa kuongeza kromosomu za mmea mama mpaka ziwe seti nne, kisha ua lake huchavushwa kwa mmea wa kawaida wenye seti mbili. Mtoto hutoka na seti tatu, na kwa kuwa seti tatu hazigawanyiki sawasawa, mbegu zake hazikomai. Hakuna jeni ya kigeni humo. Kuku wa nyama anayekua upesi ni matokeo ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, pamoja na lishe. Mbegu chotara si GMO. Ukubwa wa tunda, wekundu wake au kukawia kwake kuoza havikuthibitishii chochote kwa macho. Na ile mbegu inayosemekana kujiua ili mkulima asiweze kuirudia haijawahi kuuzwa popote. Mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilipendekeza isiruhusiwe hata kwenye majaribio ya shambani mpaka kuwe na taarifa za kisayansi za kutosha. Kinachomzuia mkulima kurudia mbegu ya GMO kwa kawaida ni hataza (haki miliki ya mvumbuzi) na mkataba aliotia saini. Hilo ni jambo halali kabisa kulilalamikia, ila dirisha lake si letu.

Inawezekana pia kwamba aliyetuandikia "sitaki GMO mwilini mwangu" alijichoma sindano ya insulini asubuhi ileile. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 watafiti walifaulu kuitengeneza kwa bakteria waliopewa jeni ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Chanjo ya homa ya ini B iliyotengenezwa kwa hamira yenye jeni ya virusi vya ugonjwa huo ikafuata mwaka 1986. Kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya jibini, kilichokuwa kikitoka kwenye tumbo la ndama, leo kwa sehemu kubwa kinatoka kwa vijidudu vilivyobadilishwa. Bidhaa hizi hazipiti kwetu kwa njia moja na mbegu, kwa sababu kinachomfikia mtumiaji ni protini iliyosafishwa. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa bioteknolojia, inahusu viumbe hai vilivyobadilishwa. Punje ya mahindi iko hai, unga wake hauko hai.

Kwenye mazao, sifa mbili ndizo zilizotawala. Ya kwanza ni kustahimili kiuagugu. Ya pili ni kujikinga na wadudu kwa protini kutoka kwa bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ambayo hujishikiza kwenye vipokezi vya utumbo wa kiwavi na kuutoboa. Utumbo wa binadamu hauna vipokezi hivyo. Kuna na mipapai ya Hawaii, ambako ugonjwa wa virusi ulikuwa unamaliza mashamba mpaka aina iitwayo Rainbow ilipotolewa kwa wakulima mwaka 1998. Kila moja ilipimwa kivyake, na ndiyo hoja yangu.

Hatari zipo, na hatuzifichi. Wadudu huzoea: viwavi kadhaa tayari wamejenga usugu, ndiyo maana mashamba mengi ya mazao yenye sifa ya kujikinga na wadudu hutakiwa kuwa na kipande cha mmea wa kawaida pembeni, ili wadudu wasio sugu wabaki wa kupandana na walio sugu. Magugu sugu nayo yameenea palipotegemewa kiuagugu kimoja mwaka hadi mwaka. Mzio ni wa kweli pia. Miaka ya 1990 soya iliyopewa jeni ya njugu za Brazili ilipimwa kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo, ikaonekana imebeba kizio, na mradi ukasimamishwa kabla haujafika sokoni. Mfano wa pili ndio niliouahidi. Mahindi ya StarLink yaliruhusiwa Marekani kwa chakula cha mifugo na matumizi ya viwandani yasiyo ya chakula tu. Mwaka 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya watu, na bidhaa nyingi zikarudishwa kutoka madukani. Uchunguzi wa waliodai kudhurika haukupata ushahidi kwamba protini ile ndiyo iliyowasababishia mzio, lakini kosa lilibaki kosa: kibali kilikuwa cha zizini, siyo cha mezani.

Sasa utaratibu, kwa kuwa ndipo malalamiko ya "mnaruhusu kienyeji" yanapoangukia. Itifaki ya Cartagena ilipitishwa Januari 29, 2000 na kuanza kutumika Septemba 11, 2003. Kwa kiumbe kinachoingia nchini kwa mara ya kwanza ili kiachiwe kwenye mazingira, mathalani mbegu ya kupanda, upande wa msafirishaji hutoa taarifa ya maandishi. Nchi inayopokea ina siku 90 za kukiri kwamba imeipata, na siku 270 tangu kuipata za kutoa uamuzi. Uamuzi unaweza kuwa kukubali, kukubali kwa masharti, kukataa, kuomba taarifa zaidi au kuongeza muda. Siku tunazosubiri taarifa zaidi hazihesabiwi. Tukikataa au tukiweka masharti, tunaeleza sababu. Tukikaa kimya, ukimya huo si idhini, na hapa ninawaambia waombaji zaidi kuliko wananchi, maana wao ndio hutuandikia siku ya 271 wakidhani mlango umejifungua wenyewe. Nafaka ya chakula, lishe ya mifugo au ya kusindikwa ina njia yake: nchi iliyoamua kuiruhusu kwake hutangaza uamuzi huo ndani ya siku 15 kwenye mfumo wa kimataifa wa kubadilishana taarifa za usalama wa bioteknolojia, na yeyote anaweza kuufungua akausoma.

Majaribio ya shambani ni sura nyingine. Shamba huzungushiwa uzio na mlango wake hufungwa kwa kufuli. Kwa mahindi umbali wa mita 200 kutoka mahindi mengine umezoeleka, au vishada vya maua dume hukatwa kabla havijamwaga chavua. Mbegu husafirishwa kwenye vifungashio viwili, kimoja ndani ya kingine, na idadi iliyotoka ghalani hulinganishwa na iliyopandwa, iliyobaki na iliyoteketezwa. Mashine husafishwa palepale kabla hazijatoka shambani. Baada ya mavuno eneo hukaguliwa, na kila mche unaoota wenyewe hung'olewa. Ndiyo, tunahesabu.

Kwenye adhabu watu hutuuliza tu ni miaka mingapi jela. Hilo liko kwenye sheria ya kila nchi. Linalosahaulika ni gharama. Mzigo ukivuka mpaka kinyume cha sheria zinazotekeleza Itifaki, nchi iliyoathirika inaweza kuitaka nchi ulikotoka iurudishe au iuteketeze kwa gharama zake yenyewe. Kuna pia Itifaki ya Nyongeza ya Nagoya na Kuala Lumpur, ya mwaka 2010, inayotumika tangu Machi 5, 2018: kwa nchi wanachama wake, uharibifu wa bioanuwai ukitokea, mhusika hutakiwa kutoa taarifa mara moja, kuupima na kuchukua hatua za kuurekebisha. Asipofanya hivyo mamlaka inaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai.

Lebo ni haki ya mlaji, lakini msiichanganye na onyo la sumu. Umoja wa Ulaya hudai lebo kiambato kikizidi asilimia 0.9 hata kama mchanganyiko ulitokea kwa bahati mbaya. Marekani ilifanya tangazo kwenye kifungashio kuwa lazima kuanzia Januari 1, 2022, kwa viwango vyake tofauti. Na kipimo kina mipaka. Kile kikaratasi cha kupimia protini ya GMO shambani ni rahisi: unasaga kipande cha jani ndani ya kichupa, unatia maji, unachovya, na baada ya dakika chache mstari mmoja unasema kipimo kinafanya kazi, wa pili unasema protini ipo. Chakula kilichopikwa kinaweza kukidanganya, kwa sababu moto huharibu protini. Hapo tunahamia PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta kipande cha DNA chenyewe. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani karibu hayana DNA ya kutafutwa, kwa hiyo tafadhali msituletee chupa za mafuta ya kupikia.

Leteni namba. Kila tukio lililoidhinishwa kibiashara huwa na utambulisho wa herufi na tarakimu tisa, nao huonekana kwenye hati zinazoambatana na mzigo. Mahindi ya MON810, kwa mfano, ni MON-ØØ81Ø-6. Sifuri zimekatwa mstari ili zisisomwe kama herufi O. Ile 6 ya mwisho ni ya uhakiki, na unaweza kuikagua kwa kalamu: M ni herufi ya 13, O ya 15, N ya 14 kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiingereza, jumlisha tarakimu moja moja, unapata 15, ongeza 8 na 1, inakuwa 24, 2 na 4 ni 6. Hesabu ikigoma, ama umenakili vibaya ama kuna mtu ameiandika kwa kubuni, na hiyo ya pili tungependa kuisikia kabla haijafika mitandaoni.

Kwenye maoni andika namba hiyo juu kabisa, kisha matumizi unayoyazungumzia: kupanda, kula, kulisha mifugo au kusindika. Kama huna namba lakini una shaka na mbegu, piga picha ya lebo nzima pamoja na namba ya toleo, na utie punje kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki. Zinafika kwetu zimeota ukungu.