Diski ya breki "kupinda" ni nini hasa

Gari ikianza kutetemesha stelingi dereva akikanyaga breki, jibu liko mdomoni tayari: diski zimepinda. Fundi anasema hivyo, dereva anasema hivyo, jirani aliyepita tu na mambo yake naye anasema hivyo, afu hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Hili neno limezoeleka kiasi kwamba watu wananunua diski mpya kwa sababu yake, na baada ya miezi kadhaa mtetemo unarudi pale pale.

Tuanze na maana kwa haraka. Diski ni lile duara la chuma linalozunguka na tairi, kalipa, kile kifaa cha kubana, imeikumbatia kwa juu, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili, ukikanyaga zinaibana diski kutoka ndani na nje. Pedi mpya kwa gari ndogo inakuwa na milimita 10 hadi 12 hivi za ile sehemu ya kusugua, ikibaki 3 badilisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachoanza kugusa diski pedi ikikaribia kuisha, ule mlio mwembamba kama filimbi ndo wenyewe. Ukiupuuza utafika kwenye mlio wa kukwaruza, hapo ni chuma kwa chuma na diski inachimbika mistari. Mpaka hapo nadhani tuko pamoja.

Sasa huko kupinda. Watu wanawaza diski imepata moto ikajikunja. Diski nyingi ni chuma cha kusubu, kinene, mara nyingi milimita 20 na ushee kwa zile za mbele, na kwenye matumizi ya kawaida ya barabarani haijikunji kirahisi hivyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba unene wake haulingani tena mzunguko mzima, sehemu moja nene kidogo, nyingine nyembamba kidogo, na nikisema kidogo namaanisha gawanya milimita moja mara mia, vipande viwili vitatu hivi vinatosha kabisa kuvisikia. Pedi zikipita pale penye unene zinasukumwa nje, zikipita pembamba zinarudi ndani, kwenye spidi ya 100 hilo linatokea mara kumi na zaidi kwa sekunde moja, mafuta ya breki yanasukumwa na kurudi, na wewe unalisikia mguuni na mikononi. Diski ambayo inayumba tu lakini unene wake uko sawa, kalipa nyingi zinateleza kuifuata na unaweza usisikie kitu mwanzoni. Ndo maana nang'ang'ania tofauti hii.

Unene unapishanaje? Njia kubwa mbili. Ya kwanza inaanzia nyuma ya diski, kwenye uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu inapokaa diski. Fundi anatoa diski ya zamani, habu imejaa kutu, anapachika mpya juu ya kutu ile ile, afu anakaza nati kwa mashine ya upepo moja baada ya nyingine mpaka basi. Diski inakaa upande upande kwa kiasi ambacho jicho halioni, ikiwa inazunguka sehemu ile ile inaigusa pedi kila mzunguko hata hujakanyaga breki, na baada ya kilomita elfu kadhaa pale pameshalika. Kwa hiyo diski ilikuwa mpya na safi, imeharibiwa na kutu ambayo ingetoka kwa brashi ya waya na dakika chache za uvumilivu.

Ya pili ni joto na pedi. Umeshuka mlima mkali kama Kitonga mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho badala ya kuweka gia nzito injini ikusaidie, umefika chini diski zinaunguza, unasimama na bado umekanyaga kwa nguvu. Pedi inaacha sehemu ya mwili wake pale ilipobana, inabaki tabaka jembamba, wakati mwingine unaliona kabisa kama kivuli chenye umbo la pedi. Pale ndo patakuwa panapata moto zaidi kila ukifunga breki, na joto likizidi sana chuma chenyewe kinabadilika kinakuwa kigumu kwa madoa madoa. Diski ya hivyo hata ukiichonga, yaani kuiparua kwa mashine uso ulingane, mtetemo unaweza kurudi, kwa sababu doa limeingia ndani. Na ukishuka mlima usiende kuzimwagia maji zikiwa za moto, zinaweza kupasuka.

Kuna na lile la pini za kalipa zilizoganda, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inaisha kabisa wakati ya nje bado nene. Mtu anachungulia kupitia rimu anaiona ya nje anasema pedi bado zipo. Muulize fundi akuonyeshe zote mbili, na pini zipakwe grisi ya breki yenyewe, sio ile ya beringi.

Kwa hiyo fundi akisema zimepinda, usimbishie, yeye katumia neno analotumia kila mtu. Mwombe tu apime unene kwa mikromita, kile kipimo cha vitu vyembamba, sehemu sita au nane za diski hiyo hiyo, aangalie na kiwango cha chini kilichogongwa kwenye diski yenyewe, kinaandikwa MIN TH, mfano milimita 20 kwa diski iliyotoka dukani na 22. Ikiwa kuchonga kutaishusha chini ya hapo, nunua mpya. Na iwe mpya au iliyochongwa, kabla haijarudi, habu ipigwe brashi mpaka chuma kionekane, nati zikazwe kwa kuvuka, ya huku kisha ya upande wa pili, kwa nguvu inayolingana zote.