Ndege ya kujiundia nyumbani, na ile asilimia 51 inayochanganya watu

Ukimwambia mtu kuna jamaa anaunda ndege kwenye garaji lake, atakachowaza ni moja kati ya mawili: aidha jamaa kachanganyikiwa, kaokota vyuma anagongagonga, au basi ndege imekuja kwenye maboksi kama kabati la kufunga skrubu, wikendi mbili umemaliza. Zote sio. Ndege ya kujiundia ni ile ambayo kampuni inakuuzia michoro pamoja na vipande, yani mabati ya aluminiamu yaliyokatwa na mengi yao yameshatobolewa, mbavu za mabawa, ribiti (vipini vya kuunganishia mabati) kwa maelfu, halafu kazi ya kuviunganisha mpaka kitu kiruke inabaki kwako. Kwa ndege ya viti viwili saa 1,000 na kuendelea ni kawaida kabisa, na kwa mtu mwenye ajira na familia hiyo ni miaka. Na sio kitu cha wachache sana kama mnavyodhani, ndege za RV peke yake, za Van's Aircraft, kampuni aliyoianzisha Richard VanGrunsven Marekani mwaka 1973, zaidi ya 10,000 zimeshajengwa na kuruka.

Sasa tuje kwenye hiyo 51. Marekani mamlaka ya anga, FAA, inaziweka ndege hizi kwenye kundi la majaribio, na sharti lake ni kwamba sehemu kubwa ya ujenzi iwe imefanywa na watu waliojenga kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Basi. Hiyo "sehemu kubwa" ndo watu wakaigeuza kuwa asilimia 51, na hapo ndo fujo inapoanzia, maana kila mtu anapiga hesabu zake, mwingine anahesabu uzito, mwingine pesa, mwingine masaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa. Kinachopimwa ni kazi. Kuna orodha ndefu ya kazi za kujenga ndege na kwa kila kazi linaulizwa swali moja tu, hii kafanya kiwanda au kafanya mjenzi? Injini, propela, matairi, breki, vipimo vya kwenye dashibodi, hivyo havimo kwenye hesabu, nunua tu, hakuna anayetegemea uyeyushe chuma utengeneze injini yako mwenyewe. Rangi na viti unaweza kumlipa fundi na hakuna atakayekuuliza. Ila ukimlipa fundi akuundie bawa, hiyo kazi haihesabiki kuwa yako. Rafiki zako wakija kusaidia bure, poa, hata mkiwa kundi zima.

Ndo maana zile seti za haraka, ambazo zinakuja mwili na mabawa yameshafungwa nusu, bado zinapita: huhitaji kutengeneza kila ubavu wa bawa kwa mkono wako, ukionyesha umeifanya kazi ya aina hiyo inatosha, hairudiwi mara ishirini ili kumfurahisha mtu. Kwa hiyo anayesema seti ya haraka ni kudanganya hajaelewa kinachohesabiwa. Unachotakiwa kuwa nacho ni daftari la ujenzi na picha, nyingi, zenye wewe ndani umeshika kifaa.

Na kazi yenyewe ikoje? Chukua ribiti moja. Kwanza unatoboa tundu, kisha unaondoa makali pembeni yake maana ufa unapenda kuanzia hapo, tundu lisiwe karibu na ukingo wa bati kuliko unene wa ribiti mara mbili, halafu mmoja anapiga na bunduki ya upepo ya kugongea ribiti kwa mbele na mwingine kashika kipande cha chuma kizito kwa nyuma, na ule mkia wa ribiti unatakiwa ubonyee hadi upana wa mara moja na nusu ya unene wake na urefu ubaki nusu ya unene huo. Ikilala upande, unaitoboa unaitoa, na ukiitoa vibaya tundu linapanuka sasa una tatizo jipya. Rudia hivyo mara elfu kadhaa.

Lakini cha muhimu kuliko ribiti ni kwamba kisheria mtengenezaji ni wewe, jina lako ndo linaandikwa kwenye kibati cha ndege, sio la kampuni iliyouza vipande. Ukitaka kuhamisha kitu, unahamisha. Uhuru huo una makali. Mwanamuziki John Denver alikufa Oktoba 1997 pwani ya California akirusha Long-EZ, ndege ya kujiundia aliyoinunua kwa mtu, na kwenye ndege hiyo mjenzi alikuwa ameitoa koki ya kubadilisha tangi la mafuta mahali ilipochorwa, katikati ya miguu ya rubani, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi waliitaja sehemu hiyo ngumu kufikiwa kama moja ya sababu, pamoja na mafuta kuwa machache na rubani kutoizoea ndege.

Ndo maana pia ikimalizika huwezi kupakia abiria siku hiyo hiyo. Mkaguzi anaipitia, halafu unapangiwa eneo maalumu la kuijaribu, kwa kawaida saa 25 kama injini na propela ni pea iliyothibitishwa na mamlaka, 40 kama sio. Baada ya hapo abiria ruksa, ila sio wa kulipa, na neno EXPERIMENTAL, yani ya majaribio, linakaa karibu na mlango wanapoingilia walione.

Kuiuza unaweza. Aliyejenga anaweza kuombea cheti cha kuikagua mwenyewe kila mwaka, ila cheti hicho hakiendi na ndege, aliyenunua atafanya matengenezo yake ya kawaida lakini ukaguzi wa mwaka atamlipa fundi wa ndege mwenye leseni, au akubembeleze wewe uliyeijenga.