Mbayuwayu wa Julai: Kupima Taarifa za Ndege Adimu Uganda

Mtu akileta picha ya mbayuwayu aliyeonekana Entebbe mwezi Julai na kudai ni yule wa Ulaya, mimi huuliza tarehe kabla ya kuitazama picha. Mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, huwa kwetu zaidi kati ya Septemba na Aprili. Julai karibu wote wako kaskazini wakilea makinda. Kitabu cha utambuzi cha ndege wa Afrika Mashariki kitakuonyesha mwingine wa kumfikiria: mbayuwayu wa Angola, mkazi wa mwaka mzima, mwenye tumbo la kijivu na wekundu wa koo ulioshuka mpaka kifuani. Wa Ulaya tumbo lake ni jeupe, na mkanda mweusi umepita kifua kizima. Taarifa nyingi za ndege adimu huishia hapo.

Mbayuwayu buluu ni kisa kigumu zaidi, na ndiye anayenitia uchungu, kwani yumo hatarini duniani kote. Kalenda yake imegeuka: huzaliana kusini, kuanzia nyanda za juu za Tanzania hadi Afrika Kusini, kisha huja kwenye nyasi za Ghuba ya Sango, kusini mwa Uganda kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Akitajwa Januari ushahidi lazima uwe mzito, maana wapo mbayuwayu weusi wenye mkia wa panda ambao kwa mbali hufanana naye sana.

Atlasi ya ndege wa Uganda iliyochapishwa 2005 husaidia, ila isomwe kwa tahadhari. Kila alama kwenye ramani ni mtu aliyefika na kuandika. Pasipo na alama huenda ndege hayupo, na huenda hakuna aliyekwenda. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ilikuwa ngumu kufikika kwa miaka mingi kwa sababu ya wizi wa mifugo kwa bunduki, kwa hiyo ndege mpya wa Moroto, mji wa huko, hanishangazi kama ndege mpya wa kinamasi cha Mabamba, ambako waongozaji wa watalii huingia kila mara kumtafuta korongo-nyangumi (shoebill).

Kanzidata za mtandaoni kama eBird zina taarifa mpya kuliko kitabu, na ndege asiye wa kawaida hupitiwa na mhakiki.

Ombi langu: andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu chochote, kwa sababu ukishaona mchoro, kumbukumbu huanza kuufuata. Taja saa, mahali, umbali, mwanga na sauti. Picha ikiwa na ukungu, ilete vilevile; rangi ya tumbo na urefu wa mkia mara nyingi huonekana.