Maana ya neno Chicana

Kwa ufupi, Chicana ni msichana au mwanamke wa Marekani mwenye asili ya Meksiko. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwa sababu wengi wenye asili hiyo hawajiiti hivyo. Zamani neno hili lilikuwa la kuwadharau maskini, mpaka vijana wa miaka ya 1960 walipolitwaa na kujivunia nalo. Mnamo Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa mashariki mwa Los Angeles waligoma na kutoka madarasani wakipinga elimu duni, wakati ambapo mtoto aliweza kuadhibiwa kwa kuzungumza Kihispania shuleni.

Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika majina ya namna hii, kwa hiyo ni rahisi kuipuuza irabu ya mwisho. Katika Kihispania, Chicano ni mwanamume, na ndilo neno lililotumika kwa wote. Wanawake walioandamana bega kwa bega na wanaume katika harakati hizo za kudai haki, kisha wakaachiwa kupika na kupiga chapa, walikuwa na sababu ya kuishikilia ile “a”, na mwaka 1971 mamia yao walikutana Houston kujadili elimu, kazi na uzazi.

Msichana wa asili hiyo mara nyingi hukulia katika barrio, yaani mtaa wa watu wa asili yake. Boyle Heights, mjini Los Angeles, ni mfano mchungu: barabara kuu za magari ziliupasua mtaa huo, nyumba zikabomolewa, na baadaye magenge ya wahalifu yakawavuta vijana wengi. Humo binti huwa mkalimani wa wazazi wake hospitalini angali mdogo, huku akikatazwa kutoka usiku ilhali kaka yake anaruhusiwa.

Akitimiza miaka 15 mara nyingi hufanyiwa quinceañera, sherehe inayokaribiana na kumtoa mwali, ingawa hii huanzia kanisani. Baba hupiga goti mbele ya wageni, akamvua bintiye viatu vya chini na kumvisha vya visigino virefu, kisha wakacheza dansi pamoja.

Hata hivyo, sherehe hiyo haimfanyi kuwa Chicana. Wengi hulipokea jina hilo baadaye, pengine chuoni, wanaposoma kwa mara ya kwanza historia ya mtaa wao wenyewe. Na binti akirudi nyumbani akajiita hivyo, huenda mama akakunja uso, kwani yeye alilijua kama tusi.